Kura ya Mfua Jezi

Kiti cha tano walinipa mimi, mfua jezi,
baada ya profesa wa hesabu kuvunjika nyonga kwenye barafu.
Mwenyekiti, Bwana Ostby, jina langu lilimshinda,
akalikata katikati: Kombo.
Basi Mwana nikamwacha nyumbani.

Nje, Duluth ilikuwa nyeupe mpaka ziwani,
mwezi wa tatu, na meli za chuma bado zimefungwa.
Mezani, faili la kocha Wendell Haugen:
ushindi mia na kumi na mbili,
vipigo tisini na saba,
na picha moja, amebebwa mabegani,
mdomo wazi kama mtu aliyeona moto.

Wakahesabu.
Mmoja: toeni timu dhaifu alizozichapa Novemba, kinabaki nini?
Mwingine: toeni yule mrefu aliyemrithi kwa kocha wa kabla, kinabaki nini?
Wakatoa na kutoa
mpaka mtu mzima akabaki soksi.
Na soksi hiyo, akasema Ostby,
inataka dola laki moja na arobaini kwa mwaka, na gari.

Mimi mkanda nilikuwa nimeutazama usiku, peke yangu.
Sikuutazama mpira.
Mpira humvuta kila mtu, ndiyo kazi yake.
Nilitazama mwisho wa benchi,
kiti cha kumi na mbili,
kijana ambaye fulana yake ya joto haijavuliwa tangu Desemba.
Wamezidiwa pointi ishirini na sita,
dakika mbili zimebaki, watu wanatafuta makoti,
na Haugen anamwita kwa jina.

Kijana hakukimbilia kurusha, kama wafanyavyo wenye njaa.
Alinyoosha kidole,
akamsogeza mwenzake hatua moja kushoto,
akaziba njia.
Mpinzani akakwama.
Hakuna aliyepiga makofi.
Nilirudisha nyuma mara nne.
Lile halikuokotwa njiani:
mtu alimfundisha asiyechezeshwa,
Jumanne kwa Jumanne,
kana kwamba zamu yake ni kesho.

Nikawaambia. Wakaandika.
La pili nililimeza kwanza.

Nilikuwa nimepiga simu chuo chake cha zamani,
nikaomba kuongea na anayefua.
Akaja Delphine, sauti ya sigara.
Taulo anaziokota?
Anaziokota.
Matusi?
Kwa marefa tu.
Kisha kimya, nikasikia mashine yake ikizunguka,
dada wa mashine yangu.
"Kuna goti," akasema.
"Mtoto anaitwa Tobiah. Kila mechi bandeji ilihitaji kuwa ndefu zaidi.
Fainali alimchezesha dakika thelathini na moja.
Walishinda."
Ile picha ya mabegani?
"Ndiyo hiyo."
Na Tobiah?
"Anatembea," akasema, kama mtu anayehesabu chenji.

Mchagua nazi hupata koroma,
mume wangu alinikumbusha asubuhi, akifunga viatu vya theluji.
Lakini nazi huitikisa sikioni, ukasikia maji.
Mtu utamtikisaje?

Haugen akaingia, tai ya kijani, mikono mikubwa.
Wakamuuliza falsafa, akawapa falsafa.
Wakamuuliza bajeti.
Zamu yangu ilipofika nikauliza swali lisilokuwa kwenye orodha:
Tobiah anaendeleaje?

Kalamu ya Ostby ikasimama.
Haugen akaitazama mikono yake,
mmoja, halafu wa pili,
kama amepewa sasa hivi.
"Alinipigia Jumapili," akasema.
"Sikupokea."
Hakuongeza neno, wala hakunywa maji yaliyokuwa mbele yake.

Alipotoka, karatasi zikagawiwa.
Niliandika ndiyo.
Chini yake, kwa herufi ndogo:
daktari wa timu asiwe chini ya kocha, hata siku moja.
Nikaikunja mara mbili, kama soksi.

Ostby aliifungua ya mwisho,
zikiwa mbili kwa mbili.
"Kura haina maelezo, Kombo."
"Mwanakombo," nikamwambia.
"Na hii inayo."